Mtoto kiziwi ndiye aliyeona: aandikwe vipi kwenye ombi la hifadhi?

SWALI

Habari za kazi, wapendwa washauri. Mimi ni wakili kijana, na Jumamosi najitolea kutoa msaada wa kisheria kwenye ukumbi wa kanisa huku Mbagala. Kesi zetu nyingi ni mirathi, matunzo ya watoto na viwanja.

Hivi karibuni muumini mmoja alituletea mama aliyetoka upande wa Uvira, Kongo, na wanawe wawili: binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 10 ambaye ni kiziwi tangu akiwa mdogo. Walivuka Ziwa Tanganyika kwa boti, wakafika Kigoma, wakapanda basi moja kwa moja hadi Dar kwa sababu walikuwa na namba ya simu ya mtu anayeishi huku. Hawajaripoti popote, na inakwenda wiki ya tatu.

Baba yao alichukuliwa nyumbani na watu wenye silaha. Mama alikuwa sokoni, binti yuko shuleni. Aliyekuwa nyumbani na baba ni mvulana peke yake. Maelezo ya mama nimeyaandika, kurasa nne. Ya mtoto nimeandika sentensi moja: "Mtoto wa pili ana ulemavu wa kusikia na hawezi kujieleza." Dada yake anasema wanaelewana naye kwa ishara zao za nyumbani, na yuko tayari kumtafsiria siku ya mahojiano. Mama hataki mtoto aulizwe chochote. Anasema atalia tu.

Sijawahi kushika ombi la hifadhi. Nianze na lipi? Sentensi ile inatosha? Dada anaweza kutafsiri? Na huyu mtoto ambaye hajawahi kukaa darasani, anaweza kuanza shule hapa au asubiri karatasi?

Wakili, Mbagala

JIBU

Wakili msomi, anza na kuripoti, na usingoje jalada likamilike. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa anayeingia nchini kuomba hifadhi siku 7 za kujitokeza kwa afisa aliyeidhinishwa, afisa mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Siku hizo zimepita. Kuchelewa kunaelezwa, hakufichwi: andika aya moja ya ukweli ikitaja walifika lini, walipita wapi, nani aliwapokea, na kwa nini hawakujua pa kwenda. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania ni mwanachama wake, kinamkinga na adhabu aliyeingia bila kibali akikimbia hatari, ili mradi ajitokeze bila kukawia na aeleze sababu za msingi. Kwa hiyo kila siku mnayoongeza ninyi wenyewe inadhoofisha kinga hiyo. Asije mtu akamshauri mama asogeze mbele tarehe ya kuingia ili ionekane siku 7 hazijapita. Tiketi moja ya basi, au binti akiulizwa peke yake, vitaliangusha jalada zima, na yaliyo kweli ndani yake hayataaminiwa tena.

Nenda nao mwenyewe, ukiwa na barua ya uwakilishi mkononi. Ngazi inayohusika ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Maombi hupitiwa na kamati ya taifa, ambayo hutoa mapendekezo kwa Waziri. Kabla ya hapo wasiliana na ofisi ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hapa Dar, na pia na Dignity Kwanza, shirika ambalo awali lilijulikana kama Asylum Access Tanzania na ambalo kazi yake ni hii hii ya haki za wakimbizi. Huna sababu ya kujifunzia kazi kwenye jalada la familia hii wakati wenzako waliozoea wapo mjini.

Mama naye aelezwe mambo machache kabla hamjatoka nyumbani. Asiende ubalozi wa Kongo kutafuta vyeti, kwa sababu kuomba ulinzi wa nchi unayodai kuikimbia kunaweza kugeuzwa hoja dhidi yake, na pia kunafichua alipo. Kuomba hifadhi hakulipiwi, kwa hiyo anayedai hela ya "kuharakisha faili" ni tapeli. Na sheria yetu inataka wakimbizi waishi katika maeneo yaliyotengwa, hivyo huenda wakaelekezwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Heri alisikie hilo kwako kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza mezani kwa afisa.

Sasa ile sentensi moja. Ifute leo. Neno "hawezi kujieleza" likishaingia kwenye jalada halitoki. Kila afisa anayefuata atalinakili, na hakuna atakayejisumbua kumtafutia mtoto mkalimani. Kwa familia hii hasara ni kubwa zaidi, maana yeye ndiye shahidi pekee. Mama ataulizwa waliomchukua mume wake walikuwa wangapi, walivaa nini, waliongea lugha gani. Atajibu aliyoambiwa na majirani, afisa ataona majibu hayana mashiko, na kumbe aliyekuwepo amekaa kwenye benchi nje.

Haki yake ya kusikilizwa ina msingi imara. Mkataba wa Haki za Mtoto, kifungu cha 12, unasema mtoto asikilizwe katika shauri linalomhusu. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazungumzia upatikanaji wa haki katika kifungu cha 13 na matumizi ya lugha za alama katika kifungu cha 21. Sheria yetu ya Ushahidi nayo inakubali shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi wake kwa maandishi au kwa ishara. Mahojiano ya hifadhi si mahakama, lakini afisa akisita, hoja hiyo humtoa wasiwasi.

Tazama pia kama mtoto ana hofu yake mwenyewe, mbali na ile ya mama. Kukosa shule ya viziwi kwao peke yake kwa kawaida hakuhesabiki kuwa mateso ya kumpa mtu ukimbizi. Ila mtoto aliyefungiwa, aliyepigwa au aliyeitwa mchawi kwa sababu ya ulemavu wake anaweza kuwa na dai linalosimama kwa miguu yake, chini ya kipengele cha kundi maalumu la kijamii, mojawapo ya sababu za ukimbizi zinazotajwa na Mkataba wa 1951. Kongo, kuwasingizia watoto uchawi ni jambo linalojulikana, na wenye ulemavu hawasalimiki. Muulize mama taratibu: majirani walimwitaje? Aliwahi kuombewa kwa nguvu, kunyimwa chakula, kuchomwa? Mama wengi hawayasemi haya wenyewe kwa sababu aliyetenda ni ndugu.

Kuhusu dada, jibu letu ni hapana. Hatuna shaka na mapenzi yake wala uaminifu wake. Yeye ni mwombaji na ni shahidi. Akitafsiri, maneno ya watu wawili yanachanganyika na hakuna atakayeweza kuyatenganisha. Atalainisha panapouma, ataongeza anachokijua, na pale kaka yake anapotofautiana na mama atarekebisha ili familia isionekane inasema uongo. Tena ni mtoto: kumfanya atamke kwa kinywa chake jinsi baba yake alivyochukuliwa ni kumuumiza mara ya pili. Siku ya kuripoti anaweza kumsaidia kaka yake kusema ana kiu au anataka kwenda chooni. Yanayohusu ombi asiyaguse. Yeye apangiwe kikao chake, aseme yake.

Kazi kubwa iko kwenye lugha, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani mkalimani yeyote wa alama atatosha. Wakalimani wa Dar wanatumia Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT. Viziwi wa Kongo waliosoma hutumia alama zenye asili ya Marekani, zilizoenea Afrika kupitia shule za Andrew Foster, Mmarekani kiziwi aliyeanzia Ghana mwaka 1957. Huyu wako hajawahi kusoma, kwa hiyo hana hii wala ile. Ana ishara za nyumbani. Mkalimani anayesikia, hata awe hodari, mara nyingi hakwami kwenye kumwonyesha mtoto. Anakwama kwenye kumwelewa.

Dawa yake ni wakalimani wawili: mmoja anayesikia, atakayebeba Kiswahili kwenda LAT, na mwingine kiziwi, atakayeichukua LAT na kuivunja hadi kwenye ishara, mwili na michoro anayoelewa mtoto. Kiziwi aliyekulia kati ya watu wasiojua alama amezoea tangu utoto kueleweka bila lugha ya pamoja, na ustadi huo darasani haupatikani. Wasiliana na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ueleze unahitaji watu wa aina gani na kwa kazi gani. Wewe unajitolea, wao wasilazimishwe: nauli, chakula na posho viwekwe mezani mapema. Kila mmoja asaini ahadi ya kutunza siri. Jamii ya viziwi Dar watu wanajuana, kwa hiyo mwonyeshe mama na mtoto picha za wakalimani kabla, wawe na nafasi ya kumkataa mtu bila kueleza sababu.

Kikao cha kwanza usiulize lolote kuhusu kesi. Ni cha kujua mtoto anaelewa nini. Mkalimani kiziwi amsimulie kwa vitendo kisa kifupi, mbuzi kaiba unga, mwenye unga kamfukuza, kisha amwachie mtoto akirudie. Hapo mtaona kama anafuata nani alimfanyia nani nini. Angalieni kama anaelewa maswali ya nani, wapi na lini. Mtoto aliyekosa lugha tangu utotoni mara nyingi "wapi" analishika, "nani" analishika akionyeshwa picha, lakini "lini" halimwingii kabisa. Ikiwa ndivyo, usimuulize tarehe. Tumia kadi za michoro: mtu anaamka, anakula, jua la utosini, giza. Apange mwenyewe kipi kilitangulia.

Kuna mtego mmoja unaohusu kuitikia kwa kichwa. Mtoto kiziwi aliyeishi kati ya wanaosikia amejifunza kwamba ukiitikia kwa kichwa watu wanakuacha. Kwa hiyo kila baada ya muda aulizwe swali ambalo jibu lake sahihi ni hapana. Akiitikia ndiyo, simamisheni. Ama amechoka, ama hamwelewani. Na mtu asikwambie anasoma midomo. Jaribu kutamka "baba", "mama" na "papa" mbele ya kioo bila sauti, utaona midomo haitofautiani.

Mtego wa pili uko kwenye maswali yenyewe. Ukiuliza kwa Kiswahili "walimpiga?" hujasema kwa kitu gani. Kwenye ishara haiwezekani kuliacha wazi hivyo, kwa sababu mkono lazima uonyeshe ngumi, fimbo, panga au bunduki, na ukishaonyesha umempa mtoto jibu. Kaeni na wakalimani kabla ya kikao mpitie maswali moja moja. Swali liwe "yule mtu akafanya nini?", halafu mikono ya mkalimani itulie, isubiri ya mtoto.

Chumba kiwe na mwanga unaowaangukia wakalimani usoni, si dirisha mgongoni kwao. Mkalimani kiziwi akae mkabala na mtoto, anayesikia akae mahali ambapo mwenzake anamwona bila kugeuka sana. Wakalimani wapumzike kila baada ya dakika 20 hadi 30, na mtoto pia. Tenga muda mara mbili au tatu ya ule unaotumia kwa mtu anayesikia. Mama asiwepo chumbani kama mtoto anamtazama kabla ya kila jibu. Akae jirani, mtoto ajue alipo. Na mama anaposema kwamba atalia, msikilize, halafu mwambie mtoto ndiye atakayeamua na anaweza kusimamisha wakati wowote. Akikataa, andika kwamba hakutaka. Usiandike kwamba hawezi.

Rekodi kwa video, kwa ridhaa ya mama na ya mtoto. Fremu imchukue mtoto kuanzia juu ya kichwa hadi kiunoni, mikono isikatike, na simu ya pili iwachukue wakalimani. Faili la awali lisihaririwe. Tunza nakala mbili sehemu tofauti, na lisitumwe WhatsApp hata kwa dakika moja, kwa sababu ya usalama wao na kwa sababu picha hupungua ubora na vidole havionekani vizuri. Mchoro wowote atakaochora, usiandike juu yake. Nyuma ya karatasi weka tarehe, namba na majina ya waliokuwepo.

Ukija kuandika maelezo, usiyageuze kuwa Kiswahili cha wakili. Andika ulichokiona, kisha tafsiri, hivi:

"Swali: Siku ambayo baba hakurudi, wewe ulikuwa wapi? Mtoto alichuchumaa, akafunika kichwa kwa mikono, akaonyesha kitu kilicho juu yake. Mkalimani kiziwi: Nilikuwa chini ya kitu kama meza au kitanda. Mtoto aliombwa achore. Alichora kitanda. Mchoro namba 2."

Afisa akisoma hivyo anaona lilipotoka kila neno. Ambatisha orodha ya ishara za nyumbani za familia: maelezo ya ishara, maana yake, nani aliithibitisha. Watu kwa kawaida hutajwa kwa alama ya mwili. Kama kidole kikipita shavuni maana yake ni mjomba mwenye kovu, liandikwe, kwa sababu siku ya mahojiano mtoto atamtaja hivyo hivyo na mkalimani mwingine atafikiri anazungumzia kisu. Tofautisha pia "hajui" na "hakuelewa swali". Ukiyachanganya, jalada litaonyesha mtoto alisema hajui waliomchukua baba yake, na baadaye akiwaeleza itaonekana amefundishwa. Mwishoni wakalimani waandike tamko lao: majina, lugha walizotumia, na sehemu ambazo hawakuwa na uhakika nazo.

Kwa mahojiano rasmi andika barua mapema ukiomba mazingira yanayomfaa: wakalimani wawili, muda mrefu, mapumziko, ruhusa ya michoro na kadi, na maelezo yake yarejewe kwa ishara kabla ya kusainiwa. Pendekeza wakalimani ambao mtoto ameshawazoea, maana wapya wataanza upya. Peleka kwa mkono na urudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ombi lililosemwa kwa mdomo pale mapokezi ni kana kwamba halikusemwa.

Hospitali nayo ina nafasi yake. Pateni rufaa kutoka kituo cha afya kwenda kliniki ya masikio, pua na koo, kwa mfano Muhimbili. Kipimo kitaonyesha mtoto anaanza kusikia kwenye desibeli ngapi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 80 ni uziwi mkubwa sana. Ripoti hiyo inamjibu mapema afisa atakayejiuliza kwa nini mtoto anageuka mlango ukibamizwa: anausikia mtikisiko sakafuni. Muulizeni daktari na chanzo. Homa ya uti wa mgongo na baadhi ya sindano za antibayotiki huharibu usikivu, lakini kama chanzo ni kipigo au mlipuko, hiyo ni sehemu ya ombi. Msichelewe kuripoti kwa kungoja ripoti.

Shule, aanze kutafutiwa sasa. Sheria ya Wakimbizi yenyewe inatambua haki ya mtoto mkimbizi kupata elimu ya msingi. Dar kuna Shule ya Msingi Buguruni Viziwi. Pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mnakoishi na afisa wa elimu maalumu, ambao wataelekeza upimaji kabla ya kumpangia. Karatasi zikisumbua, omba walau aruhusiwe kukaa na watoto wenzake viziwi wakati jambo linashughulikiwa. Lugha anaipata kwao zaidi kuliko kwa mwalimu. Kuishi Dar kutahitaji kibali, na mahitaji ya matibabu na elimu maalumu ni sababu za kuandika kwenye ombi la kibali hicho, ukiambatisha ripoti ya hospitali na barua ya shule. Usimwahidi mama kwamba kitatoka. Wakielekezwa kambini, jalada la lugha, yaani video, orodha ya ishara na ripoti, liende nao na nakala ibaki kwako.

Uamuzi ukitoka, uombe kwa maandishi, na kama umekataliwa uliza siku hiyo hiyo nafasi ya kuomba mapitio na muda wake. Wakalimani wako wawepo na siku hiyo pia. Mtoto ataona uso wa mama yake kabla hajaelezwa lolote, na anastahili kuambiwa kilichoamuliwa kwa lugha anayoielewa, pale pale.